Kozi Mbili za Tofali

Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akashika kipaza sauti akaniuliza: "Mama, katika miaka yote hiyo, ni kitu gani hasa ulichokiona?" Nikacheka, nikasema nimeona mengi, nikakaa. Lilikuwa jibu la kivivu. Sasa niko nyumbani, saa yenu inanigongea ukutani kunikumbusha nimechelewa, wakati sina pa kwenda, na swali lile halijaniacha. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye faili masjala na panya wamevisoma kabla yenu. Nitawaeleza jinsi nilivyokaribia kuwanywesha sumu watoto wachanga kwa hesabu ambayo haikuwa na kosa hata la tarakimu moja, na nani aliyenizuia.

Nilifika Kigoma kwa treni, binti wa Kipare kutoka milima ya Same, na sanduku la bati, na cheti cha chuo nilichokilaza katikati ya kanga mbili kisijikunje. Nilipotoka stesheni nikaliona ziwa, nikasimama palepale. Nilikuwa nimesoma kina chake kitabuni, nikakariri na kufaulia mtihani. Lakini kukiona kile kitu, kimetulia, bluu mpaka milima ya Kongo, na kujua kwamba chini yake kuna maji juu ya maji ambayo hayajaona jua tangu dunia iumbwe! Mbeba mizigo aliningoja, akachoka, akaniuliza, "Dada, umesahau kitu kwenye behewa?"

Kwenye ofisi ya idara ya maji nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake chupa ya maua ya plastiki. Mkuu wangu wa kazi akaniambia, "Ilikuwa inakusubiri wewe. Sisi kazi yetu ni kuipangusa vumbi." Kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima ulikuwa unaniita Mama Komputa, na nilikuwa sijazaa bado wala sijaolewa. Jina hilo nimestaafu nalo.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa na meza pale ofisini. Mzee Songoro alikuwa fundi wa visima, mtu wa Ujiji, kizazi cha Wamanyema, kofia nyeupe kichwani na viganja vigumu kama soli ya kiatu. Nusu ya visima vya Ujiji na Buzebazeba alivichimba yeye au baba yake. Idara ilimwita kwa kibarua kila tulipotaka shimo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe umekuja kuchimba kwa mashine ya kuandikia?"

"Sichimbi, Mzee. Napiga hesabu maji yanakwenda wapi."

"Chini ya ardhi?"

"Chini ya ardhi."

"Mh!" akasema. "Mimi nimeingia humo miaka arobaini, sijapata kuyauliza." Kisha akachukua mchanga kiganjani, akanipa. "Sugua. Nusa. Haya, onja."

Nikaonja. Chuoni hawakutufundisha kula mchanga, lakini mpaka leo naweza kuwaambia mchanga upi unapitisha maji na upi una udongo wa mfinyanzi ndani yake, kwa meno tu. Pia alinifundisha asiingie mtu kisimani kabla ya kuteremsha kibatari kilichowashwa. Kikizimika, hewa ni mbaya, huingii. "Taa kwanza, fundi baadaye," alikuwa akisema, halafu anasoma bismillahi na kushuka. Nimewaona vijana wenye vyeti vinene wakicheka jambo hilo. Msicheke, teremsheni taa.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kazi ndogondogo. Tulikwenda Mwamgongo kwa boti kutazama bomba la kijiji, mawimbi yakanitapisha njia nzima, mama mmoja mchuuzi wa dagaa akanipa tangawizi nitafune huku akiniambia, "Pole mwaya, haya maji ya kwenye karatasi na ya kwenye boti si mamoja." Nilicheka kwa shida. Baadaye nililikumbuka neno lake nikiwa sicheki.

Kisha wakaja wakimbizi. Nyie wengi mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa, na godoro kichwani, na mbuzi, na mtoto mgongoni, na wengine hawana hata hicho cha mgongoni kwa sababu wamekipoteza njiani. Ufukweni Kibirizi palijaa watu mpaka wanaoanika dagaa wakakosa pa kuanika. Kambi ya mpito ikafunguliwa haraka kwenye mteremko nje ya mji, maturubai meupe mlima mzima, na kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kinawanyemelea, vyoo vya shimo vikachimbwa upesi, safu tatu, kabla hata jiko halijajengwa. Simlaumu aliyevichimba. Angechelewa wiki moja tungekuwa tunazika.

Lakini chini ya mteremko ule kulikuwa na maji ya aina mbili. Upande wa kaskazini kulikuwa na chemchemi ya Kanyonza, hatua kama mia mbili kutoka vyooni, inatoka mwambani mchana na usiku na kuhudumia kambi nzima. Upande wa kusini, umbali kama huohuo, mwishoni mwa Buzebazeba, kulikuwa na kisima cha Mama Zuhura, mjane muuza maandazi, ambaye hakumnyima mtu ndoo yake. Swali lililoletwa mezani kwangu lilikuwa moja: uchafu wa vyoo unaelekea wapi, Kanyonza au kwa Mama Zuhura?

Mtasema, si wachemshe? Sikilizeni. Vijidudu vingi hufia mchangani njiani, na vinavyobaki unavichemsha. Lakini mkojo na kinyesi vikioza huzaa nitrati, na nitrati ni kemikali. Haifi, haichujiki mchangani, na ukiichemsha ndiyo kwanza unaizidisha nguvu. Mtu mzima anainywa kidogo bila habari. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga, yakichanganywa na maji ya namna hiyo, damu yake inashindwa kubeba pumzi. Midomo inageuka rangi ya bluu. Na pale kambini kulikuwa na banda la watoto waliopoteza mama zao, thelathini na kitu, wote wa chupa. Mlezi wao alikuwa Mrundi mmoja wa rika langu, Esperansi, aliyekuwa msaidizi wa mkunga kwao. Nilipomweleza, hakuniuliza maana yake.

"Nimemwona mmoja wa hivyo, kwetu," akasema. "Midomo kama zambarau. Mama, niambie tu nichote wapi."

Hilo ndilo lililokuwa begani mwangu. Nichote wapi.

Nikafunua kile kitambaa cha kudarizi. Kazi yetu, kwa wale mliofika idarani juzi na kompyuta zenu za kukunja, inakwenda hivi. Unaikata ardhi vipande vya mraba, kama anayekata kashata sinia zima. Kila kipande unakipa habari zake: ni mchanga au mfinyanzi, na maji yake yamesimama juu kiasi gani. Mashine inakiuliza kila kipande, jirani yako yuko juu kuliko wewe? Pokea maji kwake. Yuko chini? Basi mpe. Inavizunguka vyote, inarudia, mara elfu, mpaka majirani wote wamekubaliana na hakuna mwenye nongwa. Hapo ndipo unatia uchafu, siku ya kwanza, siku ya kumi, siku ya mia, unautazama ukitembea. Mashine yangu ilianza saa mbili asubuhi ikamaliza adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, na umeme wa mji ule ulinihurumia siku hiyo.

Sijui niwaambieje nilivyojisikia printa ilipoanza kutoa karatasi. Nilikuwa naona chini ya ardhi, jamani! Mimi, mtoto wa mkulima wa tangawizi, nimekaa kwenye kiti cha mbao nikaona mto usio na kingo ukipita chini ya maturubai na watu waliokuwa wanapika ugali juu yake bila kujua. Na mto ule ulikuwa umepinda kusini, moja kwa moja hadi kisima cha Mama Zuhura. Kanyonza ilikuwa salama.

Nikaandika ripoti. Kisima kikafungwa kwa bati na kufuli, nami nikaenda mwenyewe kuweka alama nyekundu, maana niliona ni uungwana. Mama Zuhura alisimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kisima changu kimekukosea nini?"

"Hakijakosa, mama. Uchafu wa kambini unakuja upande wako. Watu wote wachote Kanyonza."

"Umeuona huo uchafu?"

"Umeonekana kwenye kompyuta."

"Khaa! Komputa imekuja lini hapa kunywa maji?" Akajifuta mikono kwa kanga. "Miaka yote wanakunywa watu na hawafi, wajukuu wangu wanakunywa. Leo wageni wamekimbia vita, wamefika kwangu, natakiwa niwaambie nini? Nendeni, kisima kimeandikwa rangi?"

Nikamwambia pole. Akaniambia pole haijazi ndoo, akaingia ndani. Moyoni nilijiona nimefanya jambo gumu lakini la haki, na hiyo, wanangu, ndiyo hali ya hatari kuliko zote katika kazi hii. Esperansi na walezi wenzake wakahamia Kanyonza na madumu yao.

Wiki kama mbili baadaye Mzee Songoro alikuja ofisini kufuata karatasi ya kibarua chake. Ramani yangu ilikuwa ukutani, nimeipaka rangi, najivunia. Akaitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Huu mshale ni maji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Yanakwenda kwa Zuhura." Akasogeza uso karibu. "Ajabu. Mimi nilipochimba pale, maji yaliingia kutoka upande wa chini, wa ziwani, si wa mlimani. Yalinilowesha mgongo, natazama mlima. Sijasahau, yalikuwa baridi."

Nikamweleza kwa upole, kama mnavyonielezaga nyie simu mpya, kwamba tulipima. Mpima ardhi alikuja kiangazi akapima urefu wa mdomo wa kila kisima. Mimi nikaja na utepe wangu wenye kengele, ule unaolia ukigusa maji, nikapima kutoka mdomoni hadi majini. Unatoa hiki kwa kile, unajua maji yako juu kiasi gani. Kwa Mama Zuhura maji yalikuwa chini kuliko kote, ndiyo maana yanavutwa huko.

"Ulipima kutoka mdomoni?"

"Mdomoni."

"Mdomo upi?"

"Mzee, kisima kina midomo mingapi?"

Hakucheka. "Mwanangu, mdomo ule nimeujenga juzi. Wakimbizi walipoanza kuja, watoto walikuwa wengi pale kisimani, wanachungulia, wanasukumana. Zuhura akaogopa atatumbukia mtoto wa watu. Akaniita, nikamwongezea kozi mbili za tofali, mistari miwili kuzunguka mdomo, nikapiga plasta. Huyo mpima wako alikuja kabla. Wewe umekuja baada."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na wakati ule nilikuwa naijua ardhi vizuri kuliko watu wengi. Kozi mbili ni shibiri mbili. Utepe wangu ulikuwa umeteremka shibiri mbili za bure, nami nikaziandika kwamba ni maji yaliyoshuka. Upande wote wa kusini sikuwa na kisima kingine cha kunisuta. Mwanamke amenyanyua ukuta ili mtoto asitumbukie, na ukuta huo, kwenye karatasi yangu, ukageuza mto.

"Kaa, Mzee," nikamwambia, kumbe mimi ndiye niliyekuwa natafuta kiti.

Nikasahihisha kipimo kimoja. Kimoja tu. Nikawasha mashine, tukakaa wawili, yeye na tasbihi yake, mimi na kucha zangu. Umeme ulikatika mara moja tukaanza upya. Ilipofika alasiri printa ikalia, karatasi ikatoka, na mto ulikuwa umegeuka. Mteremko wa maji pale ulikuwa mdogo sana, karibu sawa na sahani, kiasi kwamba shibiri mbili zilitosha kuamua. Sasa mto ulikwenda kaskazini. Ulikwenda Kanyonza, hatua moja na robo kwa siku, na uchafu ungefika mwezi wa sita tangu vyoo vichimbwe. Kambi ilikuwa na miezi mitatu na nusu.

"Lahaula," akasema Mzee Songoro polepole. "Nayo yanatembea muda wote huu tunapokula."

Nilikuwa nimewapeleka watoto wa banda lile mahali penyewe sumu ilipokuwa inakwenda, na kukifunga kwa kufuli kisima ambacho kingewafaa. Sikulia hapo. Nililia nyumbani, mchana kweupe, nikanawa uso nikaenda kwa Mama Zuhura.

Nilimweleza yote mlangoni, nimesimama. Mficha uchi hazai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kile kisima chake chenye bati.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuogopea watoto."

"Kosa ni langu, mama. Sikuuliza."

"Hukuuliza," akasema. "Ungeuliza ningekwambia. Hata maandazi ningekupa." Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Alifungua mwenyewe, na jioni ileile Esperansi akarudi kuchota hapo maji ya watoto wa banda.

Lakini kisima kimoja hakitoshi kambi nzima. Kanyonza isingeweza kufungwa. Ingefungwa watu wangeshuka ziwani, na ziwani ndiko kipindupindu kilikokuwa. Dawa ilikuwa moja: vyoo vihame upesi, upande mwingine wa kilima, na vya zamani vifyonzwe na kufukiwa. Nikaenda kwa mkuu wa kambi, bwana mmoja mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaweka ripoti zangu mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine.

"Hii yako?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Hii inasema kusini, hii kaskazini. Dada, nina watu wapya kila siku, nina majembe machache. Nihamishe vyoo vya kambi kwa sababu umebadili mawazo? Mwezi ujao utaniambia magharibi?" Hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nisingeniamini. "Niletee kitu ninachoweza kukiona kwa macho."

Mzee Songoro ndiye aliyesema chumvi. Tulinunua magunia mawili ya chumvi ya Uvinza. Akachimba shimo jembamba juu ya Kanyonza, hatua ishirini na tano, kwenye mstari ambao mashine ilisema maji yanapita, mpaka akayafikia. Tukakoroga chumvi kwenye mapipa, tukaimimina yote mle ndani, mkuu wa kambi akitazama na msaidizi wake akiandika. Kama maji yanakwenda kusini, chumvi ile ingepotea na Kanyonza isingeijua. Kama yanakuja Kanyonza, basi kwa hatua moja na robo kwa siku, ingetokea siku ya ishirini.

"Siku ya ishirini," mkuu wa kambi akarudia. "Si ya kumi na tano?"

"Ya ishirini."

Nilikuwa na kifaa kidogo cha kupima chumvi, cha kuchovya majini kinasoma namba. Nilichovya asubuhi na jioni. Siku ya kumi, namba ileile. Ya kumi na tano, ileile. Nilipungua mwili. Kila nilipopita, wanawake wa kambini waliokuwa wakifua waliniuliza, "Mama Komputa, unatafuta nini humo?" Nikawaambia natafuta chumvi, wakacheka mpaka wakashikana mabega, mtu ana ziwa zima anakwenda kutafuta chumvi chemchemini. Siku ya kumi na nane, ileile. Ya kumi na tisa asubuhi, ileile. Jioni namba ya mwisho ikapanda kidogo, nikajiambia ni uchovu wa macho yangu.

Siku ya ishirini nilifika na jua. Mzee Songoro alikuwa ameshatangulia, amechuchumaa. Nikachovya. Namba ilipanda mbele yetu, ikapanda tena, ikasimama mahali ambapo haikuwahi kufika. Mzee akateka maji kiganjani, akaonja, akazungusha mdomoni.

"Mimi sihisi kitu," akasema. Akaonja tena. "Sihisi kitu kabisa. Lakini imekuja?"

"Imekuja, Mzee."

"Siku uliyoisema?"

"Siku niliyoisema."

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia yake nje. Aliyajua maji yale kwa mgongo na kwa ulimi, miaka arobaini, na hapo palikuwa na kitu ambacho ulimi wake haukukifikia, na karatasi ilikuwa imekitajia siku. Na karatasi ile isingekuwa kweli bila mgongo wake. Tulikaa pale wote wawili tunaogopa, ule uoga unaokupata ukisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Mungu ameweka utaratibu hata kwenye giza asilopita mtu. Nimeishi na jambo hilo mpaka leo na bado linanitoa machozi.

Mkuu wa kambi alikuja, akachovya kifaa mwenyewe, mara tatu. Akaita watu wa majembe palepale. Vyoo vilihama ndani ya wiki mbili, na wakimbizi wenyewe ndio walioichimba safu mpya, wanaimba.

Hapa wengi wangemalizia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyokwisha kuondoka vyooni yalikuwa njiani. Hakuna jembe la kuyarudisha. Niliendesha tena ile hesabu ya mashine na nyakati mpya, ikaniambia kwamba lile wingu la nitrati litafika, limetawanyika na kupungua, litakaa wiki chache, litapita kuelekea ziwani. Kwa mtu mzima halitafika kiwango cha kudhuru. Kwa mtoto wa chupa sikuwa tayari kubahatisha. Ikanitajia na wiki litakapokuwa zito kuliko zote.

Wiki ile nilikwenda Kanyonza kila siku na dawa ya kupimia, matone kwenye kichupa, maji yakiwa na nitrati yanageuka pinki. Siku ya tatu yake yakageuka. Pinki hafifu, ya ua lililofifia, chini ya kiwango, kama ilivyosemwa. Nilishika kichupa juani, naona kwa macho yangu mambo ya miezi sita iliyopita yakinipita mkononi. Pembeni yangu wanawake walikuwa wanateka maji na kugombana kuhusu foleni, mtoto anaogeshwa analia, mmoja anamwambia mwenzake bei ya mihogo. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyeugua. Hakukutokea kitu chochote, na sijapata kuona siku kubwa kama ile katika kazi yangu.

Esperansi akatokea njiani na madumu ya banda la watoto. Alipoiona ile pinki alisimama.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Inapita."

Akaitazama kama mtu anayetazama nyoka akivuka njia. Kisha akainua madumu yake, akapita Kanyonza bila kuchota, akashika kinjia cha kusini. Nikamfuata, nikamsaidia moja.

Kwa Mama Zuhura hakukuwa na foleni. Alikuwa amepafagia pale kisimani, na bati langu lenye alama nyekundu alilifanya mlango wa banda la kuku. Esperansi akamsalimia kwa Kirundi, "Amahoro, mama," naye akajibu kwa Kiha, wakaelewana kama majirani. Mama Zuhura akashusha ndoo, akaivuta, akaimimina kwenye dumu, maji meupe. Nikatia matone. Yakabaki meupe.

Nikaweka mkono juu ya ule mdomo wa kisima, kwenye plasta mpya, mahali nilipoanzia utepe wangu siku ile. Mama Zuhura aliniona.

"Sasa unapima nini tena?"

"Sipimi, mama. Nashika tu."

"Shika," akasema, akimjazia Esperansi dumu la pili. "Niliuinua kwa ajili ya watoto. Si ndio hao wanakunywa?"